Bahari ya Unguja na Mvua ya Tunduma

Mtu asimamaye mpakani Tunduma huenda asiikumbuke bahari hata kidogo, kwani iko umbali wa zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Hata hivyo magunia ya dagaa wa Unguja yapitayo hapa kwenda Kongo hayaji kwa amri ya mtu yeyote. Huja kwa majira ya pepo.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia na maji ya juu hupata joto. Kusi ikishaingia, mkondo wa pwani uendao kaskazini huongeza kasi, maji ya juu huchanganyika na ya chini na kupoa, na mawimbi huwafunga wenye vyombo vidogo. Dagaa hufuata chakula chao, na chakula hicho hufuata maji. Tena kuna mwezi: dagaa mchele huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa (zamani zilikuwa karabai), na mbalamwezi ikikamilika taa hizo hazina nguvu tena. Ndiyo maana mzigo huja kwa mafungu, na mfanyabiashara asiyeijua bahari hudhani anafichwa mali.

Lakini yapo yanayotuhusu sisi wa Songwe zaidi ya hayo. Dagaa wakishachemshwa kwa maji ya chumvi hutegemea jua, na jua kali la Unguja ni la Januari na Februari. Miezi hiyo hiyo kwetu ni masika, maana mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili. Dagaa waliokauka vizuri pwani hufika mpakani wakati wa mvua, wakasimama katika foleni ya malori wakilowa. Gunia lililoingia maji huota ukungu, na hasara humrudia mchemshaji na mwanikaji wa Unguja ambaye hajapata kuuona mpaka huu.

Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mwaka 2019 ili kupunguza usumbufu. Tunawaomba wakuu wanaohusika waongeze jambo moja: kuanzia Desemba hadi Machi, mizigo ya samaki wakavu ikaguliwe mwanzo, na ikaguliwe chini ya paa. Maofisa wa uvuvi wa Zanzibar nao wangeweza kuwapelekea wenzao wa Tunduma kalenda ya giza la mwezi, ili wajue wiki za kutazamia mzigo.