Haki za Kiraia na Uhuru wa Kiraia: Istilahi za Katiba ya Marekani

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali ni yale yahusuyo istilahi za katiba za nchi za nje. Katiba ya Marekani huleta maswali mengi, kwa kuwa hukumu za mahakama zake hutangazwa ulimwenguni kote, na mfasiri hutakiwa azifasiri siku hiyo hiyo. Katika makala hii tunakusudia kueleza dhana mbili za katiba hiyo ambazo aghalabu hufasiriwa kwa neno moja, yaani "haki za raia", na kuonyesha kwa nini hazina budi kutenganishwa.

Hivi karibuni tuliletewa, ili tuikague, rasimu ya tafsiri ya kijitabu kinachowaeleza wageni sheria za Marekani. Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho mfasiri alikuwa ameandika "raia": raia anayo haki ya kunyamaza akihojiwa na polisi, nyumba ya raia haitapekuliwa bila hati, raia atapewa wakili. Kijitabu chenyewe kilikusudiwa watu ambao wengi wao si raia wa Marekani, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo wasemao Kiswahili, ambao nchi hiyo imewapokea kwa maelfu. Msomaji wa namna hiyo angekifunga akiamini kwamba hapana hata ukurasa mmoja unaomhusu. Kosa hilo si la sarufi wala la tahajia. Ni kosa la istilahi, nalo laweza kumpotosha mtu katika saa anayohitaji mno kujua haki yake.

Tunapendekeza kwamba mfasiri, kila akutanapo na kifungu cha aina hii, ajiulize maswali mawili kabla ya kuandika lolote: Je, ni nani anayekatazwa au kuamriwa hapa? Na je, ni nani anayekingwa?

Asili ya Hati ya Haki

Katiba ya Marekani iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, ikaanza kutumika mwaka 1789. Waliyoipinga walilalamika kwamba haikuwa na orodha ya mambo ambayo Serikali mpya isingeweza kuyagusa. James Madison akapeleka mapendekezo bungeni mwaka 1789, na kumi kati ya yaliyopitishwa yakaidhinishwa na majimbo ya kutosha tarehe 15 Desemba, 1791. Hayo kumi ndiyo yanayoitwa kwa jumla Hati ya Haki.

Baadhi ya wafasiri wameandika "Mswada wa Haki". Sababu yake ni kwamba neno la Kiingereza linalotumika lina maana zaidi ya moja, na mojawapo ni mswada unaopelekwa bungeni kujadiliwa. Kwa Kiswahili mswada ni sheria ambayo bado haijawa sheria. Msomaji akiambiwa kwamba haki za Wamarekani zimo katika mswada, atauliza ni lini utapitishwa. "Hati ya Haki" huondoa utata huo.

Nani anakatazwa?

Tuyatazame Marekebisho ya Kwanza. Tafsiri nyingi huyaeleza kwa kusema kwamba kila raia anao uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kuchapisha habari na wa kukusanyika kwa amani. Maneno hayo si ya uongo, lakini sivyo kifungu kilivyojengwa. Mtenda anayetajwa mwanzoni mwa sentensi si raia, wala si mtu yeyote. Ni Bunge la Marekani. Kifungu kinalikataza Bunge hilo kutunga sheria ya kuanzisha dini au kuzuia watu wasifuate dini zao, na kulikataza kupunguza uhuru wa kusema na wa magazeti. Uhuru wenyewe haufafanuliwi. Unatajwa kama kitu kilichokuwapo tayari, na kazi ya kifungu ni kuifunga mikono Serikali isiuguse.

Ni rahisi kueleza kwa nini mfasiri wa Tanzania huigeuza sentensi hiyo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na vifungu vyake vingi huanza kwa kumtaja kila mtu, kisha hueleza anachostahili; baadaye ibara ya 30 huweka mipaka ya haki hizo. Mfasiri aliyeyazoea maandishi hayo huandika kwa mkono uliokwisha kuzoea. Mifumo yote miwili ni halali, bali si mamoja. Mmoja humtangaza mwenye haki. Mwingine humtangaza aliyekatazwa.

Tofauti hii ina matokeo katika maisha ya watu. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mmiliki wa gati huko Baltimore. Kazi za ujenzi za mji ziliugeuza mkondo wa vijito, mchanga ukajaa, maji yakawa mafupi, na meli hazikuweza tena kufunga gatini kwake. Alidai fidia kwa mujibu wa Marekebisho ya Tano, ambayo yanakataza mali ya mtu kuchukuliwa kwa matumizi ya umma bila malipo ya haki. Mahakama ikajibu kwamba katazo hilo liliihusu Serikali ya Shirikisho tu, si majimbo wala miji yake. Mtu alikuwa na hasara ya kweli, lakini aliyemtia hasara hakuwa yule aliyekatazwa.

Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Marekebisho ya Kumi na Nne, yaliyoidhinishwa mwaka 1868, yaliyakataza majimbo kumnyima mtu uhai, uhuru au mali pasipo kufuata utaratibu wa sheria. Katika karne ya 20, hasa tangu mwaka 1925, Mahakama ilitumia kifungu hicho kuyabana majimbo hatua kwa hatua kwa sehemu kubwa ya Hati ya Haki. Hata leo, hata hivyo, waliokatazwa ni wenye mamlaka ya umma. Mwajiri binafsi akimwachisha kazi mtumishi wake kwa maneno aliyoyasema, yawezekana amevunja sheria nyingine, lakini hakuvunja Marekebisho ya Kwanza. Mwanafunzi aliyefundishwa tu kwamba "kila raia ana haki ya kusema" hawezi kuelewa kwa nini.

Nani anaamriwa kutenda?

Dhana ya pili ni tofauti. Kuna haki ambazo haziiambii Serikali ikae mbali, bali huitaka iingie kati. Hizi ni haki za kutobaguliwa na za kushiriki sawa na wengine katika maisha ya taifa. Chimbuko lake ni marekebisho matatu yaliyofuata vita: la mwaka 1865 lililokomesha utumwa, la mwaka 1868 tulilokwisha kulitaja, ambalo pia linaamuru ulinzi sawa wa sheria, na la mwaka 1870 lililokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa.

Maandishi hayo peke yake hayakutosha. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba majimbo yangeweza kuwatenga Weusi na Weupe katika mabehewa ya treni, mradi huduma ziwe sawa. Ilichukua zaidi ya nusu karne, hadi mwaka 1954, Mahakama hiyo hiyo itamke kwamba kuwatenga watoto katika shule za umma kwa rangi zao ni kinyume cha Katiba. Kisha Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1964, iliyowazuia hata watu binafsi wenye mahoteli na mikahawa kuwabagua wateja na kuwazuia waajiri kuwabagua wafanyakazi, na sheria ya mwaka 1965 iliyolinda haki ya kupiga kura. Hapa mwenye hoteli, asiyeguswa na Marekebisho ya Kwanza, aliguswa na sheria. Serikali haikuambiwa inyamaze. Iliombwa isimame mlangoni ili aliyefukuzwa apate kuingia.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili. Dhana ya kwanza, ya mambo ambayo Serikali imekatazwa kuyagusa, iitwe uhuru wa kiraia. Dhana ya pili, ya usawa ambao Serikali inapaswa kuulinda, iitwe haki za kiraia. Neno "uhuru" halina wingi, nasi hatuoni haja ya kuliundia. Panapohitajika kuhesabu, yatosha kusema "aina za uhuru wa kiraia".

Nani anakingwa?

Msomaji atakuwa ametambua kwamba tumesema "kiraia", si "raia". Kiambishi ki- hapa kina kazi. Tunaposema askari amevaa nguo za kiraia hatuna maana kwamba nguo hizo ni za wenye uraia; tuna maana ya nguo za maisha ya kawaida ya jamii. Vivyo hivyo, haki za kiraia ni haki za mtu katika jamii, ilhali haki za raia ni zile zinazotokana na uraia wenyewe, kama vile kupiga kura katika uchaguzi wa taifa.

Katiba ya Marekani yenyewe huchagua maneno yake. Marekebisho ya Nne, yanayokataza upekuzi usio na sababu ya haki, yanataja watu. Marekebisho ya Tano, ambayo ndiyo asili ya haki ya kunyamaza, yanamtaja mtu. Marekebisho ya Sita, kuhusu wakili na kesi ya hadharani, yanamtaja mshtakiwa. Yale ya mwaka 1868 yanawataja raia yanapoeleza nani ni raia na yanapolinda stahili zao, kisha yanarudi kwenye neno mtu yanapofika kwenye utaratibu wa sheria na ulinzi sawa. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Mchina mmoja wa San Francisco, mwenye dobi, aliyeadhibiwa kwa amri ya mji iliyotekelezwa dhidi ya Wachina na kuachwa kwa wengine. Hakuwa raia wa Marekani. Mahakama ikasema kwamba ulinzi wa kifungu hicho hauishii kwa raia, akashinda. Mfasiri aandikaye "raia" mahali pa "mtu" humnyang'anya dobi huyo ushindi wake.

Haifai pia kudhani kwamba uraia peke yake ni ngao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, zaidi ya nusu yao wakiwa raia wa Marekani, waliondolewa makwao wakafungiwa makambini. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu iliiunga mkono amri ya kuwaondoa. Ni mwaka 1988 tu ndipo Bunge lilipotunga sheria ya kuwaomba radhi na kuwalipa fidia waliokuwa hai. Istilahi sahihi haizuii dhuluma, lakini humwezesha mtu kuitaja kwa jina lake.

Istilahi nyingine

Ama kuhusu istilahi zinazoandamana na hizi, tunatoa mapendekezo yafuatayo.

Marekebisho. Huko Marekani marekebisho huongezwa mwishoni mwa Katiba, na maneno ya zamani huachwa yasomeke. Kwa hiyo wengine wamependekeza "nyongeza". Sisi tunaona "marekebisho" yabaki, kwa kuwa si yote yanayoongeza. Yale ya Ishirini na Moja, ya mwaka 1933, yaliyafuta ya Kumi na Nane yaliyokuwa yamepiga marufuku pombe.

Utaratibu wa haki wa kisheria. Tafsiri ya "kwa mujibu wa sheria" haitoshi, kwani hata sheria mbaya yaweza kufuatwa neno kwa neno. Dhana ya Kimarekani hudai kwamba utaratibu wenyewe uwe wa haki: mtu aarifiwe shtaka lake na asikilizwe na mwamuzi asiyependelea.

Juri. Tusitumie "wazee wa baraza". Kwa desturi ya mahakama zetu wazee hao hutoa maoni, na jaji hafungwi nayo. Juri ya Marekani ndiyo inayoamua kama mshtakiwa ana hatia.

Amri ya kumfikisha mfungwa mahakamani. Hii ni amri ya jaji kwa anayemshikilia mtu, amlete na aeleze sababu ya kumshikilia. Imo katika Katiba ya awali, kabla ya Hati ya Haki, na yaweza kusimamishwa tu wakati wa uasi au uvamizi, usalama wa umma ukihitaji hivyo. Tuseme "kusimamishwa", si "kufutwa".

Hitimisho

Kijitabu tulichokitaja tulikirudisha kikiwa na masahihisho mengi, na karibu yote yalikuwa ya neno moja: mahali pa "raia" tuliandika "mtu". "Raia" tulikuwa tumelibakiza pale tu palipohusu kura na pasipoti. Kazi yote ilichukua asubuhi moja, lakini maana ya kijitabu ilibadilika kabisa.

Tunawaomba wafasiri na walimu wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kutuandikia wanapoona upungufu. Istilahi haisanifiwi na kamati peke yake. Husanifiwa na wanaoitumia.