Kwa Nini Watu Husafiri kwa Meli Kwenda Nchi za Barafu?

Mtu aliyezaliwa Musoma au Bunda, akiambiwa kwamba kila mwaka maelfu ya watu hulipa fedha nyingi ili wakakae siku kumi au zaidi melini, katikati ya baridi, ukungu na vipande vya barafu, hana budi kushangaa. Kwetu sisi baridi ni kitu cha kukimbiwa. Anayeamka alfajiri kwenda mwaloni kupokea dagaa hujifunika koti kwa ajili ya upepo wa ziwa tu. Itakuwaje basi mtu aifuate baridi hadi kwao? Jibu la swali hili limo ndani ya masomo yanayofundishwa katika shule zetu za sekondari, yaani jiografia, fizikia na biolojia. Na mwisho wake unatugusa sisi wenyewe wa Mkoa wa Mara.

Meli ya barua yageuka meli ya watalii

Safari hizi hazikuanza kwa ajili ya anasa. Mnamo mwaka 1893 nahodha Richard With wa Norwe alianzisha safari za meli za ratiba kati ya Trondheim na Hammerfest, ili kupeleka barua, mizigo na abiria katika miji ya kaskazini ambayo wakati huo haikuwa na barabara za kuaminika. Njia hiyo iliongezwa hata ikafika kutoka Bergen hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi. Leo meli za njia hiyo hugusa bandari 34, na safari ya kwenda na kurudi huchukua siku 12. Abiria wengi siku hizi hawana shughuli katika bandari hizo. Wamekuja kutazama tu.

Wazee wa Musoma hawatashindwa kuielewa habari hii. Meli ya Victoria iliundwa Glasgow, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Katika miaka hiyo ilikuwa ikilizunguka ziwa lote, ikipita Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Uganda, ikichukua wafanyabiashara, wanafunzi na mizigo yao. Na hata wageni walipanda ili wayaone mandhari ya ziwa. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 mzunguko huo ulikoma. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya haja ya wenyeji, basi, huweza kuwa pia chombo cha kustarehesha wageni.

Jua lisilotua

Jambo la kwanza linalowavuta watu kaskazini ni mwanga. Musoma iko kama nyuzi moja na nusu kusini ya Ikweta. Kwa hiyo tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haizidi dakika 10 hivi. Sisi hatuna haja ya kuuliza jua litatua saa ngapi.

Lakini mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23½. Mwezi Juni ncha ya kaskazini huelekea jua, na mahali popote palipo kaskazini ya latitudo ya nyuzi 66½ huwa na angalau siku moja ambayo jua halitui. Katika mji wa Tromsø, ulio karibu nyuzi 70 kaskazini, jua halitui kabisa tangu karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai. Saa sita za usiku abiria husimama sitahani wakipiga picha bila taa. Nao wenyeji wa huko hulipia neema hiyo wakati wa majira ya baridi, kwa maana jua halichomozi kabisa kwa majuma kadhaa.

Wanafunzi wa Butiama wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa kijiti. Chomekeni wima, katika uwanja ulio sawa, kijiti chenye urefu wa meta 1, tarehe 21 Juni, karibu saa saba kasorobo mchana. Huo ndio wakati jua linapokuwa juu kabisa kwetu, kwa sababu saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi yake. Kivuli kitaelekea kusini, na urefu wake utakuwa kama sentimeta 47. Tarehe 21 Desemba, saa hiyo hiyo, kitaelekea kaskazini, nacho kitakuwa kama sentimeta 40. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kivuli kitakaribia kutoweka. Kijiti kama hicho kikichomekwa Tromsø mwezi Juni kitatoa kivuli cha zaidi kidogo ya meta 1 wakati wa mchana. Na saa sita za usiku wa jua kivuli chake kitazidi meta 15!

Hori za kina na barafu ya buluu

Jambo la pili ni umbo la nchi. Zamani mito ya barafu, yaani barafu nene itambaayo polepole kwenda bondeni kwa uzito wake, ilichimba mabonde ya kina kirefu katika pwani ya Norwe. Barafu ilipoyeyuka, bahari iliingia na kuyajaza. Hori hizo Wanorwe huziita fiyodi. Sognefjord imeingia nchi kavu kwa zaidi ya kilometa 200, na kina chake hufika takriban meta 1,300. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, halizidi sana kina cha meta 80. Ndiyo sababu meli kubwa huweza kupita karibu kabisa na genge la mlima kule bila kugusa chini. Tena mkondo wa maji ya uvuguvugu utokao Atlantiki huzuia bandari hizo zisigande.

Kaskazini zaidi, katika visiwa vya Svalbard, Greenland na jimbo la Alaska, mito ya barafu ingali hai. Theluji inaporundikana kwa miaka mingi, matabaka ya juu huyakandamiza ya chini, hewa hubanwa, na theluji hugeuka barafu ngumu. Barafu hiyo hufyonza zaidi mwanga mwekundu na kuupitisha wa buluu. Kwa hiyo huonekana kama kioo cha buluu. Ncha yake ikifika baharini humeguka kwa kishindo. Kipande kilichomeguka huelea kwa sababu barafu ni nyepesi kuliko maji ya bahari, lakini karibu sehemu tisa katika kumi hubaki chini ya maji, zisionekane na nahodha.

Maji baridi, chakula tele

Jambo la tatu ni wanyama. Wengi hudhani kwamba baridi maana yake ni ukiwa. Sivyo. Lita moja ya maji baridi ya nyuzi 0 za Sentigredi, katika usawa wa bahari, huweza kubeba miligramu 14.6 za oksijeni; maji ya nyuzi 25 hubeba kama 8.3 tu. Tena madini yaletwayo juu na mikondo, pamoja na mwanga wa mchana na usiku, hustawisha mimea midogo ya baharini. Mimea hiyo huliwa na wadudu wa majini, wadudu na samaki wadogo huliwa na nyangumi, na watalii huja kumtazama nyangumi.

Ndege nao huifahamu siri hiyo. Baadhi ya ndege wadogo wenye miguu mirefu wanaookota chakula matopeni huku kwetu, katika Ghuba ya Mara na Ghuba ya Bunda, huzaliana katika nyika za baridi za Siberia. Huenda huko wakati wa kiangazi cha kaskazini kwa ajili ya mwanga mrefu na wadudu wengi, kisha hurudi Afrika baridi inapoanza.

Hatari na gharama

Uzuri huu hauna huruma. Mwezi Juni 1989 meli ya kitalii ya Kisovieti, Maxim Gorkiy, iligonga barafu karibu na Svalbard ikiwa na watu zaidi ya 900. Wote waliokolewa, kwa kuwa meli ya ulinzi wa pwani ya Norwe iliwafikia kwa wakati. Maji huondoa joto la mwili kwa upesi kuliko hewa, na katika maji yanayokaribia kuganda mtu huishiwa nguvu kwa muda wa dakika chache. Tangu tarehe 1 Januari 2017 meli ziendazo karibu na ncha za dunia zina kanuni zake za kimataifa. Wala tusijidanganye kwamba maji ya uvuguvugu ni salama: tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba, iliyojaza abiria kupita kiasi, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu walipotea. Kanuni za usalama ni elimu, si urasimu.

Gharama nyingine ni ya mazingira. Eneo la Aktiki limepata joto karibu mara nne zaidi ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979. Barafu nyeupe hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Ikiyeyuka, bahari nyeusi hufyonza mwanga huo, joto huongezeka, na barafu nyingine huyeyuka. Masizi ya meli yakiangukia theluji huifanya ifyonze joto zaidi. Hivyo msafiri huchangia kukiangamiza kile kile alichokuja kukiona. Kwa sababu hiyo mafuta mazito ya meli yalipigwa marufuku katika maji ya Svalbard mwaka 2022. Nasi tuna ushahidi wetu nchini: Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake kati ya mwaka 1912 na mwanzo wa karne hii.

Pori la nani?

Yapo maneno yanayotumiwa mno katika matangazo ya safari hizo: nchi ya pori, nchi isiyo na mtu. Lakini Wasami wamefuga kulungu wa kaskazini, na Wainuit wamewinda sili, tangu zamani katika nchi hizo. Pori la mgeni ni nyumbani kwa mwenyeji. Jambo hilo mkulima wa Bunda analijua vizuri. Mgeni anayeingia Serengeti kwa lango la Ndabaka humshangilia tembo. Mkulima aliye mpakani huamka usiku kumfukuza tembo huyo huyo shambani.

Basi mvuto wa nchi za barafu si fumbo. Mtu huvutwa na kile ambacho kwao hakipo. Mzungu wa kaskazini hulifuata jua letu, twiga na nyumbu. Na yule anayetafuta mwanga wa usiku hulifuata barafu na nyangumi. Swali linalobaki kwa shule za Musoma, Bunda na Butiama ni hili: ziwa letu, fukwe zake na ndege wake tunavijua kiasi gani, hata tuweze kumweleza mgeni kabla yeye hajatueleza sisi? Kazi hiyo yaweza kuanza na kijiti cha meta moja, uwanjani, saa saba kasorobo mchana.