Je, Wajua? Chanjo Iliyopimwa Bagamoyo, Hataza Iko Oxford

Zaidi ya watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania walishiriki awamu ya tatu ya majaribio ya R21, chanjo ya malaria. Wa Tanzania walichanjwa Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike.

R21 ilibuniwa Chuo Kikuu cha Oxford. Huko, mtafiti akivumbua kitu kazini, haki kwa kawaida huwa ya chuo. Chuo kina kampuni yake, iliyoanzishwa 1987, inayoshughulikia hataza, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi, na kutafuta kiwanda cha kupewa leseni. R21 ilipewa Serum Institute ya India. Malipo ya leseni hugawanywa kati ya wavumbuzi, idara yao na chuo; kadiri fedha zinavyoongezeka, asilimia ya mvumbuzi hupungua.

Sheria ya hataza humtambua aliyebuni. Aliyepima, hata kama kazi yake ilikuwa kubwa na ya lazima, hapati haki hiyo. Natamani sana chanjo ijayo ibuniwe Bagamoyo kwenyewe. Kwa atakayeibuni, ombi la hataza Tanzania Bara hupelekwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, chini ya sheria ya mwaka 1987.