Nukuu hazimalizi uzito wa mtafiti: funzo la Tu Youyou

Siku hizi ukitaka kujua uzito wa mtafiti wa chuo kikuu, unaambiwa uhesabu nukuu zake. Mtafiti akichapisha makala, kisha mwenzake akaitaja katika kazi yake, hiyo ni nukuu moja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo kinachoitwa h. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa mara 20 au zaidi. Ni hesabu nyepesi, ndiyo maana inapendwa.

Mimi sikipingi kipimo hicho. Kinaonyesha nani anasomwa na wenzake. Lakini sisi watu wa Pwani, tunaoijua malaria kwa karibu, tuna deni kwa mkemia mmoja anayetuonyesha kinapoishia. Ni Tu Youyou wa China.

Alizaliwa mwaka 1930 mjini Ningbo, akasomea famasia Beijing na kuhitimu mwaka 1955. Hakupata shahada ya uzamifu wala hakusomea ng'ambo. Mwaka 1967, malaria ikiwaangusha wanajeshi katika vita vya Vietnam na klorokwini ikianza kushindwa, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya. Mwaka 1969 Tu akapewa kikundi cha kuongoza.

Kikundi hicho kilikusanya maelekezo zaidi ya 2,000 ya tiba za jadi. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulileta matumaini, kisha matokeo yakawa hayatabiriki. Tu akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, akaona kuwa mmea ule ulilowekwa majini ukakamuliwa, haukuchemshwa. Akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Basi akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, kuitoa dawa bila joto kali. Oktoba 1971, sampuli nambari 191 iliangamiza vimelea vyote vya malaria katika panya wa majaribio. Mwaka uliofuata, Tu na wenzake wakaimeza wao kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Dawa hiyo ndiyo artemisinini. Baadaye wakemia waligundua kwamba ndani ya molekuli yake mna atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, na kiungo hicho ndicho silaha yake.

Sasa tuje kwenye nukuu. Makala iliyotangaza umbo la molekuli hiyo ilichapishwa mwaka 1977, kwa Kichina, bila jina la mtafiti yeyote. Paliandikwa jina la kundi la ushirikiano tu. Je, kompyuta ya kuhesabu nukuu itamwandikia nani? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini hadi anapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, akiwa na miaka 84, Tu hakuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya nchi yake.

Huku kwetu, mwaka 2004 Kenya ilibadilisha sera yake ya matibabu, ikachagua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kuwa ya kwanza kwa malaria ya kawaida. Artemetha hutengenezwa kutokana na artemisinini. Mama wa Kwale au Kilifi aliyempa mwanawe vidonge hivyo, na homa ikashuka, ameitumia kazi ya Tu. Hakuna jarida litakalohesabu hilo.

Rai yangu kwa vyuo vyetu ni hii: mnapopandisha watu vyeo au kugawa fedha za utafiti, hesabuni nukuu, lakini ulizeni pia kazi hiyo imemfikia nani. Kijana anayechunguza mitishamba ya Pwani kwa subira, akiwa na makala tatu tu, asiambiwe hana kitu kabla hatujatazama alichonacho mkononi.