Nasaba Zilizofichwa Katika Daftari za Pwani

Utafiti wa nasaba, yaani kazi ya kuunganisha vizazi vya ukoo kwa ushahidi wa masimulizi na maandishi, huwa mgumu zaidi kwa familia za Zanzibar na Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Zanzibar, ambazo wahenga wao walifikishwa pwani wakiwa watumwa, kwa kuwa watu hao walinyang'anywa uhuru pamoja na majina ya wazazi wao, wakapewa na mabwana majina mapya kama Feruzi na Mabruki.

Hata hivyo, kukomeshwa kwa utumwa kuliacha maandishi. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 1897 haikumwacha huru kila mtumwa kwa siku moja, bali ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na kwa sababu hiyo daftari za serikali zikahifadhi majina ya watu ambao vinginevyo wasingeandikwa popote. Masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na mabwana zao, walisubiri hadi mwaka 1909, hivyo anayemtafuta bibi wa namna hiyo hana budi kuchunguza miaka ya baadaye. Kwa waliokombolewa utumwani wakalelewa katika misheni za Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, na Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875, vitabu vya ubatizo ndivyo vya kuanzia, ilhali hati za wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili manufaa yake yawaendee watu waliotajwa, wakati mwingine huwataja walioachwa huru na vizazi vyao.

Maandishi hayo yasomwe kwa tahadhari, kwani yaliandikwa na wenye mamlaka: neno "Mnyasa", kwa mfano, lilitumiwa pwani kwa watu wa makabila mengi yaliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, wala halitoshi kuthibitisha kijiji wala lugha ya mhenga. Hapo ndipo masimulizi ya wazee, ngoma za ukoo na majina yanayorithiwa hupimwa sambamba na hati, bila kuwalazimisha wazee kutamka yale waliyoyaficha ili kuwakinga watoto wao na dharau. Aibu ya utumwa ni ya waliouendesha, wala si ya waliotendewa. Kwa hiyo kumrudishia mhenga jina na asili yake ni haki anayostahili, na wajukuu wanapaswa kuidai kwa niaba yake.