Maili 100 juu ya farasi: Safari ambayo farasi ndiye mwenye kauli ya mwisho

NI saa 11:15 alfajiri katika msitu wa misonobari karibu na mji mdogo wa Truckee, kwenye milima ya Sierra Nevada, jimbo la California nchini Marekani. Jua bado halijachomoza. Farasi zaidi ya mia moja wamejipanga vumbini na wapandaji wao mgongoni, wengine wakitulia, wengine wakirukaruka kwa shauku. Amri ikitolewa, wataanza safari ya maili 100, sawa na kilomita 160 hivi, kuelekea mji wa Auburn. Aliye na bahati na maarifa atafika kabla ya saa 11:15 alfajiri ya siku inayofuata.

Hayo ni mashindano ya Kombe la Tevis, yaliyoanza mwaka 1955 na ambayo mpaka leo huhesabiwa kuwa baba wa mashindano ya kisasa ya kupanda farasi masafa marefu. Hufanyika majira ya kiangazi, kwa kawaida Jumamosi iliyo karibu na usiku wa mwezi mpevu, ili wapandaji wapate mwanga gizani. Kwa kawaida karibu nusu ya wanaoanza hawafiki mwisho.

Jambo linalowashangaza wageni wa mchezo huu ni kwamba wengi wa wanaoshindwa hawaanguki njiani wala hawapotei. Wanasimamishwa na daktari wa mifugo, tena mara nyingi wakati farasi wao angali anatembea, anakula na kwa macho ya mtu wa kawaida anaonekana mzima kabisa.

Historia ya mashindano hayo ilianza kwa ubishi. Mfanyabiashara wa Auburn, Wendell Robie, alitaka kuthibitisha kwamba farasi wa zama za magari bado wangeweza kufanya kazi waliyoifanya farasi wa zama za wachimba dhahabu, yaani kuvuka milima ile maili 100 kwa siku moja. Mwaka 1955 yeye na wenzake wachache walitandika farasi wao, wakapanda, wakafika. Tangu hapo njia ile imekuwa kipimo cha farasi na mtu.

Njia yenyewe haina huruma. Huanza kwa kupanda hadi kwenye kilele cha mpito kilicho zaidi ya meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka katika mabonde yenye kina kirefu ambako hewa haitembei na joto la mchana huweza kupita nyuzi 38 za Selsiasi. Mahali pengine njia ni nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na genge upande mwingine. Usiku ukiingia, bado kuna mto wa kuvuka.

Kwa nini mtu ajitese namna hiyo? Wanaoupenda mchezo huu wana sababu nyingi, na ya kwanza ni uhusiano unaojengeka kati ya viumbe wawili wanaokaa pamoja saa nyingi bila kuwa na lugha moja. Mpandaji hujifunza kusoma masikio ya farasi wake, uzito wa hatua zake na sauti ya pumzi yake. Farasi naye hujifunza kuitambua mikono inayoshika hatamu, kama imetulia au ina hofu.

Uhusiano huo huonekana zaidi usiku. Jicho la farasi huona gizani vizuri kuliko la binadamu, kwa hiyo wapandaji wengi wazoefu huzima taa zao za kichwani, hulegeza hatamu na kumwachia mnyama achague pa kukanyaga. Ni jambo gumu kwa mtu aliyezoea kuongoza, lakini waliolifanya huliweka miongoni mwa furaha kubwa za mchezo huu.

Aidha, mpandaji mzuri hakai juu ya tandiko muda wote. Kwenye miteremko mikali hushuka na kukimbia kwa miguu kando ya farasi ili kumpunguzia uzito. Kwenye vilima, wapo waliowafundisha farasi wao kutangulia huku wao wakishika mkia na kuvutwa juu. Mwisho wa safari mtu huwa ametembea na kukimbia kilomita kadhaa, mapaja yakiwa yamechubuka na magoti yakiuma.

Hata hivyo, maumivu ya mpandaji ni jambo dogo yakilinganishwa na yanayotokea ndani ya mwili wa farasi. Mnyama huyo hujipooza kwa jasho kama binadamu, lakini jasho lake lina chumvi nyingi zaidi. Katika joto kali anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa moja. Maji hayo yakitoka bila kurudishwa, pamoja na chumvi zake, damu huwa nzito, misuli hukakamaa na utumbo hupunguza kazi au husimama kabisa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Farasi ni mnyama wa kundi, na kwa asili yake hukimbia pamoja na wenzake hata anapokuwa amechoka. Anaweza kuficha uchovu wake mpaka mwili unapokuwa umekaribia kushindwa. Mpandaji mwenye tamaa naye hupenda kuamini kile anachotaka kukiona. Kwa sababu hiyo, mashindano haya yalibuni mtu wa tatu asiye na tamaa ya kombe, ambaye ni daktari wa mifugo.

Njia hugawanywa kwa vituo vya ukaguzi. Farasi akifika, kwanza hupimwa mapigo ya moyo. Akiwa amepumzika, moyo wa farasi mzima hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Akiwa mbioni hupiga zaidi ya mara 100. Kituoni ni lazima mapigo yashuke hadi kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni 60 au 64, ndani ya muda maalumu. Ndiyo maana wasaidizi humkimbilia farasi kwa ndoo za maji na sifongo mara tu anapoingia, wakimmwagia shingoni na kifuani.

Baada ya hapo daktari huendelea. Huifinya ngozi na kutazama kama inarudi haraka, kwani ngozi inayochelewa kurudi ni dalili ya ukosefu wa maji. Huubonyeza ufizi kwa kidole na kuhesabu muda wa rangi kurejea. Husikiliza tumbo, akitafuta mngurumo. Katika mchezo huu, tumbo lililo kimya ni habari mbaya.

Kisha farasi hukimbizwa polepole kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi, ili kuona kama anachechemea. Kipimo kimoja chenye werevu hufanyika hapo hapo. Daktari hupima mapigo, farasi hukimbia meta zisizofika 40 kwenda na umbali huohuo kurudi, halafu dakika moja baada ya kuanza kukimbia mapigo hupimwa tena. Yakiwa yameongezeka badala ya kurudi palepale au kushuka, ni ishara kwamba kuna maumivu au uchovu ambao bado haujaonekana kwa macho.

Katika Kombe la Tevis kuna vituo viwili vikubwa vya mapumziko ya lazima ya saa moja, kimoja katika maili ya 36 na kingine katika maili ya 68, mbali na vile vidogo. Hata anayevuka mstari wa mwisho hajamaliza. Farasi wake hukaguliwa tena, na akionekana hawezi kuendelea na safari, jina lake hufutwa, ingawa maili zote 100 amekwisha kuzimaliza.

Utaratibu huo umezaa maana tofauti ya ushindi. Kila anayemaliza ndani ya saa 24 na farasi mzima hupewa kifungo cha fedha cha mkanda, awe wa kwanza au wa mwisho. Wa kwanza hupata Kombe la Tevis. Lakini tangu mwaka 1964 kuna kombe jingine, la Haggin, ambalo hutolewa kwa farasi mwenye hali bora kuliko wote kati ya kumi wa kwanza. Wapo wapandaji wanaolithamini kombe hilo kuliko lile la kwanza. Chama cha mchezo huo nchini Marekani, kilichoundwa mwaka 1972, kimechukua kuwa kaulimbiu yake wazo kwamba kumaliza ndiko kushinda.

Maandalizi nayo huchukua miaka, na pupa hapa hulipiwa. Moyo na misuli ya farasi huimarika kwa miezi michache ya mazoezi, lakini mifupa na kano huhitaji muda mrefu zaidi. Farasi anayeonekana kuwa na nguvu nyingi anaweza kuwa na miguu ambayo bado haijawa tayari. Ndiyo sababu waandaaji wa Tevis hawampokei farasi aliye chini ya umri wa miaka sita. Farasi wanaotamba zaidi ni wa asili ya Kiarabu, ambao wana miili myepesi, ngozi nyembamba na uwezo wa kupoa haraka.

Mwaka 1973 kijana mmoja, Gordy Ainsleigh, alilazimika kujitoa katika Tevis baada ya farasi wake kuanza kuchechemea. Mwaka uliofuata alirudi bila farasi. Alikimbia njia yote kwa miguu na kufika kwa saa 23 na dakika 42. Kutokana na tukio hilo yalizaliwa mashindano ya riadha ya maili 100 ambayo leo yana sifa duniani kote.

Hata hivyo, mchezo huu una upande wake wa giza. Ulipoenea duniani na kufikia kuwa na mashindano ya ubingwa wa dunia, ya kwanza yakiwa ya Roma mwaka 1986, fedha ziliingia na mwendo ukaongezeka. Katika majangwa tambarare ya Ghuba, mahali pasipo na milima ya kumpunguza kasi farasi, mashindano yaligeuka kuwa mbio hasa. Machi 2015, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilisimamisha uanachama wa shirikisho la Falme za Kiarabu kutokana na wasiwasi kuhusu ustawi wa farasi na ukiukwaji wa kanuni. Adhabu hiyo iliondolewa Julai mwaka huohuo, lakini mjadala haukuisha.

Septemba 2018, huko Tryon katika jimbo la North Carolina, mashindano ya dunia yenyewe yalivurugika. Baadhi ya washindani walielekezwa vibaya mwanzoni, mbio zikaanzishwa upya, kisha zikafutwa kabisa siku hiyohiyo kwa sababu ya joto na unyevu uliokuwa ukiwahatarisha farasi. Wapo waliolalamika kwamba miaka yao ya maandalizi ilipotea bure. Lakini ukifuata mantiki ya mchezo wenyewe, uamuzi huo haukutofautiana na ule wa daktari kituoni.

Nchini Mongolia tatizo hilo hukabiliwa kwa njia nyingine. Katika mashindano yaliyoanza mwaka 2009, yenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, mpandaji hubadilisha farasi kila baada ya kilomita 40 hivi, kwa kufuata mfano wa tarishi wa dola ya kale ya Genghis Khan. Anayemfikisha farasi akiwa na mapigo ya juu kuliko kiwango huadhibiwa kwa kupotezewa muda. Mwaka 2013 mshindi alikuwa msichana Mwingereza wa miaka 19, Lara Prior-Palmer. Mwaka 2019 alishinda Mmarekani wa miaka 70, Bob Long. Ni michezo michache yenye mabingwa waliopishana umri kiasi hicho, na hiyo inaonyesha kuwa busara inaweza kuwa na uzito sawa na nguvu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, safari za namna hii zinaweza kuonekana ngeni, na ziko sababu za kihistoria. Mbung'o waenezao nagana, pamoja na ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika unaosambazwa na visubi, viliwafanya farasi washindwe kustawi katika sehemu kubwa ya eneo hili. Pundamilia hubeba virusi vya ugonjwa huo bila kuonyesha dalili, na punda huvistahimili kwa kiasi kikubwa, lakini farasi wengi wanaoambukizwa hufa. Ndiyo maana misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilitegemea mabega na vichwa vya wapagazi.

Siku hizi, kwa msaada wa chanjo na uangalizi wa karibu, kuna safari za kitalii za siku kadhaa juu ya farasi katika maeneo kama Maasai Mara, ambako wageni hupita kando ya makundi ya pundamilia na twiga wasiowakimbia kama wanavyolikimbia gari. Huko nako kanuni ni ileile. Anayepanga urefu wa safari ya siku ni farasi, na mpandaji hufuata.

Waswahili husema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Katika safari ya masafa marefu, farasi hao wawili wapo daima. Mmoja ni yule wa nyama na damu, wa pili ni tamaa ya kufika kwanza. Kwa maili nyingi huweza kwenda sambamba, na mpandaji akadhani ni mmoja. Kisha hufika mahali, pengine maili ya 68, pengine ya 95, njia zao zikaachana. Anayeshuka hapo, akafungua tandiko na kumpa mnyama wake maji, hurudi nyumbani bila kifungo cha fedha. Lakini hurudi na farasi.