Injini Inanguruma, Ndege Inaanguka

Ndege ndogo ikianguka karibu na uwanja, swali la kwanza huwa lilelile: injini ilizimika? Si mara chache injini hunguruma vizuri hadi chini. Ndivyo ilivyokuwa Houston, Marekani, tarehe 9 Juni 2016, Cirrus SR20 iliyobeba watu watatu ilipoanguka kwenye maegesho ya magari karibu na uwanja wa Hobby. Hakupona hata mmoja.

Hobby ni uwanja wa ndege kubwa za abiria. Rubani, mwenye leseni ya urubani binafsi, alipangiwa njia ya kutua namba 4, huku Boeing 737 ikimjia nyuma kwa kasi. Mnara wa kuongozea ndege ukamwondoa na kumhamishia namba 35, ambako upepo wa mashariki ulikuwa ukimpiga ubavuni. Akaja akiwa juu mno, akaghairi kutua. Akazungushwa, akaja tena, akaghairi tena. Na kila mzunguko ulikuwa na maagizo yake: geukia huku, badili njia, angalia ile ndege nyingine.

Kughairi si kosa. Rubani asiyeridhika na alivyokaa, akapaa tena, amefanya kazi yake. Kasheshe iko katika sekunde zinazofuata. Nyuma ya bawa kuna vibao, marubani huviita flapu, vinavyoshushwa ili ndege iweze kwenda polepole na bado ibebeke. Ukighairi, unaweka nguvu ya injini kwanza, unaidhibiti pua, unasubiri kasi ipande, ndipo unaanza kuzirudisha flapu. Rubani wa Houston alizirudisha kasi ikiwa bado ndogo.

Kuona kwa nini hilo ni hatari, ukiwa ndani ya daladala toa kiganja dirishani na ukiinamishe kidogo kuelekea juu: upepo unakinyanyua. Zidisha, na upepo unakisukuma nyuma tu. Bawa nalo lina kikomo, kwa ndege nyingi ndogo kama digrii 15 dhidi ya hewa inayolijia. Likivuka hapo, hewa inaachana na mgongo wa bawa na ndege haibebeki tena, hata injini ikiwa na nguvu zake zote. Kona huzidisha mambo: ndege ikilala digrii 60 bila kushuka, mabawa hubeba uzito maradufu, na kasi ya chini kabisa ya kubaki hewani hupanda kwa asilimia 40 hivi. Bawa moja likitangulia kuishiwa nguvu ya kubeba, ndege hubiringika na kuzunguka kama pia.

Wanafunzi wa urubani hufundishwa kujinasua bawa linapoishiwa nguvu wakiwa maelfu ya futi juu. Anayekaribia kutua ana futi mia chache tu. Cirrus hutoka kiwandani na parachuti la kubeba ndege nzima, lakini nalo linahitaji nafasi ya kufunguka.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitaja kuwa chanzo ni namna rubani alivyoghairi kutua. Haikuishia hapo: iliwataja pia waongoza ndege, mmoja kwa kumbakiza kwenye mzunguko ule, mwingine kwa kumpa maagizo magumu pasipo ulazima katika wakati nyeti. Kwangu mimi, sehemu hii ya pili ndiyo inayostahili kusomwa zaidi. Hata hivyo, sheria ya Marekani inampa rubani kauli ya mwisho juu ya ndege yake. Akiona agizo linamzidi, anaruhusiwa kujibu kwamba haliwezi, na mnara ukamtafutia njia nyingine au uwanja mwingine wenye ndege chache.